Kuachiwa huru si kuchomoka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja linalonikera kila ninaposoma habari za mahakamani. Mshtakiwa akiachiwa huru, vichwa vya habari hutangaza kwamba "amechomoka", kana kwamba sheria ni wavu na yeye ni samaki aliyepata tundu, na msomaji hubaki akiamini kuwa hakimu amemwachia mwizi anayejulikana.

Nimewahi kuketi kwenye benchi la nyuma mahakamani nikisikiliza kesi ya uvunjaji wa nyumba usiku. Shahidi mkuu, mzee aliyeibiwa, alisema bila kusita kwamba alimtambua mshtakiwa. Wakili wa utetezi aliposimama hakumwita mwongo, bali alimuuliza taa ilikuwa upande gani, mtu yule alikuwa umbali wa hatua ngapi, alimwona uso au mgongo, na kwa nini hakulitaja jina lake polisi usiku uleule. Mzee alijibu maswali mawili ya kwanza, akababaika kwa la tatu, na kwa la nne akanyamaza muda mrefu hata hakimu, aliyekuwa akiandika kila jibu kwa mkono, akainua kalamu na kumtazama akisubiri. Nilimwonea huruma, kwa kuwa naamini aliibiwa kweli. Hata hivyo, mahakama ilitakiwa kuamua iwapo aliyesimama kizimbani ndiye aliyemwibia, na kwa hilo upande wa mashtaka haukuwa na kingine cha kuonyesha. Mshtakiwa aliachiwa huru, na kesho yake gazeti moja likaandika kwamba mwizi amechomoka.

Katika kesi ya jinai, mzigo wa kuthibitisha humwelemea anayeshtaki tangu mwanzo hadi mwisho, naye hutakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Nchini Uingereza, mwaka 1935, kijana aitwaye Woolmington alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mkewe, baada ya jaji kuwaeleza raia walioamua kesi hiyo kwamba ilikuwa juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilitengua hukumu hiyo, ikasema kwamba wajibu wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 nao, katika Ibara ya 7, unamhesabu kila mtu kuwa hana hatia hadi mahakama yenye mamlaka ithibitishe vinginevyo. Kwangu mimi sababu yake iko wazi: dola ina polisi, maabara na uwezo wa kumweka mtu rumande, ilhali mshtakiwa mara nyingi hana hata wakili.

Kesi ya madai, ambayo mtu humfungulia mwenzake kudai haki au fidia, ina kipimo chepesi zaidi, kwani humo mdai hushinda akionyesha tu kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya mdaiwa. Ndiyo maana O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, aliachiwa huru mwaka 1995 katika kesi ya mauaji ya watu wawili, kisha mwaka 1997, katika kesi ya madai, akaonekana kuwajibika kwa vifo hivyohivyo na kuamriwa kulipa fidia ya mamilioni ya dola. Wengi waliona mahakama zinajipinga. Kumbe kila moja ilitumia mizani yake.

Dhamana nayo huandikwa vibaya, kana kwamba ni kuachiwa huru. Anayepewa dhamana bado ana kesi, na ameahidi tu kufika siku atakayoitwa.

Naomba basi wahariri waandike kwamba mtu "ameachiwa huru", kisha waongeze sentensi moja ya sababu, kwa kuwa hukumu huitaja: shahidi hakuaminika, kielelezo, yaani kitu kilichotolewa kama ushahidi, kilipokewa kinyume cha utaratibu, au hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro. Neno "amechomoka" huielekeza hasira ya watu kwa hakimu, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mara nyingi kesi huwa imeshaharibika kabla ya kufika mbele yake. Katika kesi ile ya mzee, kioo cha dirisha kilivunjwa na vipande vikabaki sakafuni hadi asubuhi, lakini hakuna aliyechukua alama za vidole. Hakimu alilieleza jambo hilo katika hukumu aliyoisoma kwa sauti mbele yetu sote, akiwemo mwandishi wa gazeti lile.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi