Maganda yenu ya risasi yanapasuka shingo, na majibu mliyonipa hayahusiani na tatizo

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Hii ni mara ya tatu nawaandikia na safari hii naandika kirefu, maana majibu mawili mliyonitumia yanaonyesha wazi hakuna mtu aliyekaa akasoma nilichoeleza, na picha nilizotuma sijui hata kama zilifunguliwa. Naomba barua hii apewe mtu anayejua brasi (chuma cha shaba na zinki kinachotengenezea maganda), sio anayekopi jibu na kubandika.

Nilinunua boksi lenu la maganda 100 mapya ya .257 Roberts (aina ya risasi ya bunduki), yote loti moja, yaani mkupuo mmoja wa kiwandani, boksi halijafunguliwa. Kwenye boksi mmeandika kwamba shingo (ile sehemu nyembamba ya juu inayoshika kichwa cha risasi) na mabega (mteremko ulio chini yake) yamelainishwa kwa moto. Hayo maneno ndo yamenifanya nichukue ya kwenu, kwa sababu bunduki yangu chemba yake (tundu la mtutu ganda linapokaa) imekatwa ya .257 Roberts Ackley Improved, ile .257 Roberts iliyoboreshwa umbo, na mimi maganda lazima niyafaya-fomu kwanza, yaani napiga risasi kwenye chemba iliyo kubwa kidogo kuliko ganda, ganda linavimba linajaa, bega lililokuwa na nyuzi 20 na ushee linasukumwa mpaka nyuzi 40, mwili unanyooka, na hayo yote yanatokea kwa mlio mmoja tu. Brasi ikiwa laini pale juu inanyumbulika inakaa. Ikiwa ngumu inapasuka. Hakuna njia ya katikati hapo.

Nilianza na maganda 20. Lodi, yaani kipimo cha baruti, ilikuwa ya chini, ya kwenye kitabu, ya .257 Roberts ya kawaida, kila moja nimepima baruti kwenye mizani, sikuongeza hata punje. Mlio wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu nikavuta bolti (komeo la bunduki) ganda likatoka na masizi upande mmoja wa shingo, nikalifuta kwa kidole nikaona ufa unaanzia mdomoni unashuka, umenyooka kama umechorwa na rula, urefu wake kama punje ya mchele, umebakiza kidogo tu ufike begani. Moyo uliniuma kweli kwa sababu ganda la faya-fomu sio la kupiga mara moja ukatupa, unalitengeneza ili likuhudumie miaka.

Kule kwenye kupiga niliona manne yamepasuka. Nilipofika mezani kwangu nikayachukua kiganjani nikayatikisa kama watu wanavyotikisa dadu, na yeyote aliyezoea kazi hii anaijua ile sauti, maganda mazima yanalia kama kengele ndogo, lenye ufa linatoa mlio uliokufa, tak. Nikasikia tak. Nikayatenga moja moja nikapata mengine matatu ambayo ufa wake kwa macho hauonekani mpaka uweke lenzi. Saba kati ya 20.

Sasa jibu lenu la kwanza lilisema chemba yangu ni ndefu, hedispesi (nafasi ya urefu anayopata ganda kati ya bolti na pale linapoegemea ndani ya chemba) sio sahihi, nikamwone fundi. Jamani. Hedispesi ikizidi, ganda linavutika urefu, na linapovutika linapungua unene chini karibu na kitako, unaona kwanza mduara unaong'aa kuzunguka ganda, baadaye ufa wa kuzunguka, na mwisho kitako kinabaki huku mwili unakwama ndani ya chemba. Huo ufa unakwenda kwa mzunguko na uko chini. Wa kwangu unakwenda kwa urefu na uko juu. Haya ni matatizo mawili tofauti kabisa na picha nilizotuma zinaonyesha lipi ni lipi. Hata hivyo sikutaka kubishana kwa maneno, nikachukua waya mwembamba nikaukunja ncha nikakwangua ndani ya kila ganda pale juu ya kitako, hakuna sehemu waya ulipozama. Nikakata mawili kwa msumeno wa chuma, mapande mapande, ukuta wa ndani umenyooka hauna mfereji wowote. Na chemba yenyewe ilikatwa fupi kwa inchi 0.004 kama inavyotakiwa kwa hizi Ackley, ndo maana ganda jipya likiingia bolti inagoma kidogo pale mwisho, unaisikia kabisa mkononi, ganda limebanwa pale shingo inapokutana na bega. Ganda lililobanwa hivyo halina nafasi ya kuvutika urefu.

Jibu la pili likabadilika. Sasa likawa kwamba pengine nimesafisha maganda kwa polishi yenye amonia. Maganda yalikuwa mapya, yanasafishwa nini? Na hata kwa yale ya zamani mi natumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, basi. Lakini kwa vile nyie ndo mmeitaja amonia ngoja tuimalize. Habari ya amonia naijua, karne ya 19 risasi za jeshi la Waingereza kule India zilikuwa zinapata nyufa msimu wa mvua, zilikuwa zinahifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, mkojo ukitoa amonia na unyevu ukiwepo brasi inapasuka yenyewe bila hata kupigwa, na mwaka 1921 ndo ikaja kuelezwa vizuri kisayansi kwa nini. Ila maelezo yenyewe ni kwamba amonia peke yake haitoshi, lazima chuma kiwe na mkazo uliobaki ndani kutokana na kule kukunjwa na kuvutwa kiwandani, na dawa yake ni kukipasha moto huo mkazo utoke. Kwa hiyo hata tukienda kwa njia yenu ya amonia tunarudi pale pale, kwamba shingo hazikupashwa moto inavyotakiwa.

Alafu mkamalizia kwamba katriji yangu (risasi nzima) ni waildikati, yaani iliyobuniwa na watu binafsi na sio ya kiwandani, na nyie hamuwajibiki kwa matumizi ya waildikati. Hapa ndo niliumia zaidi. .257 Roberts yenyewe mnayoiuza ilikuwa waildikati, watu waliibana shingo 7x57 Mauser kwenye meza zao mpaka kampuni ya Remington wakaichukua mwaka 1934. .22-250 ilikuwa waildikati hadi 1965. .25-06 hadi 1969. Hizi katriji zilizaliwa kwenye meza za watu kama sisi, na fundi bunduki P.O. Ackley alizitengeneza hizi Improved ili mtu aweze kuchukua risasi ya kawaida kabisa ya dukani akaipiga kwenye chemba yake na ikatoka na umbo jipya. Ndo maana yake nzima. Sijakata ganda, sijabadilisha shingo kwenda kipenyo kingine, sijafanya chochote kabla ya mlio wa kwanza zaidi ya kulipitisha kwenye dai (kalibu ya chuma ya kuundia ganda) kunyoosha mdomo kama mnavyoelekeza wenyewe.

Na hata pale kwenye dai niliona dalili nikazipuuza, kosa hilo nalikubali. Kuna maganda nilibonyeza kichwa cha risasi kikaingia kwa nguvu, na mengine dai hiyo hiyo, presi hiyo hiyo, kichwa kikaingia kilegelege kabisa. Shingo ngumu ikibanwa inarudi nyuma kama springi, ndo inaleta hivyo. Nikapima ukuta wa shingo kwa maikromita nikakuta ganda moja upande mmoja milimita 0.28 upande wa pili 0.36. Hilo ni jambo lingine na silifanyi kuwa kesi leo, ila mlijue.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya majibu yenu, maana hapa ndo ushahidi ulipo.

Nilichukua maganda 20 ya kampuni nyingine, .257 Roberts hiyo hiyo, bunduki hiyo hiyo, baruti ya kopo hilo hilo, kipimo kile kile, praima (viwashio vya baruti) za boksi moja. Halikupasuka hata moja. Nikachukua 20 mengine ya kwenu kutoka boksi lile lile, sikuyagusa, nikapiga: sita yakapasuka. Kwa hiyo ya kwenu bila kuguswa ni 13 kati ya 40. Nikachukua tena 20 ya kwenu, haya nikayalainisha mwenyewe, taa nimezima nibaki na mwanga hafifu, ganda linazunguka polepole kwenye drili, moto wa gesi unagusa shingo na bega tu, kitako kimekaa ndani ya kishikio hakipati joto kwa sababu kitako kikilainika hapo unacheza na macho yako, na ninaliondoa kabla halijaanza kuwa jekundu. Unaona rangi inabadilika, ile njano inafifia inakuja rangi kama ya mafuta juu ya maji inashuka taratibu kutoka mdomoni. Yakapoa, nikajaza, nikapiga. Kati ya 20 likapasuka moja, na hilo lilikuwa na mkwaruzo mdomoni tangu mwanzo nilishaliwekea alama ya peni.

Chemba ni ile ile. Hedispesi ni ile ile. Kilichobadilika ni moto tu, ule mlioandika kwenye boksi kwamba tayari mmeupitisha. Najua kutokuona rangi kwenye shingo sio ushahidi, viwanda vingi vinapolisha baada ya kulainisha, ndo maana sikulalamikia rangi. Nalalamikia ugumu.

Ninachotaka ni hiki. Nibadilishiwe boksi zima kwa loti nyingine au nirudishiwe hela yangu, chaguo nawaachia. Muwaambie wauzaji wenu wasimamishe loti hii, namba nilishaituma kwenye imeli ya kwanza, maana kuna mtu atalipiga hili ganda kwenye chemba ya kawaida lisipasuke leo, atalijaza tena mara ya pili ya tatu shingo izidi kuwa ngumu, na atahangaika bila kujua kwa nini. Na mniandikie nani kwenu amepima ugumu wa shingo wa loti hii na alipata nini.

Nimebaki na maganda 40 ambayo sijayagusa, yako kwenye boksi lake. Yaliyopasuka yote yapo kwenye mfuko, nimeandika kila moja lilipigwa la ngapi, na yale mawili niliyoyakata kwa msumeno nimeyaweka humo humo. Nipeni anwani ya kuyatuma moja kwa moja kiwandani, sio dukani, nitayatuma siku hiyo hiyo.

Mteja wenu,
jina na nakala ya risiti vipo kwenye imeli ya kwanza