Risala ya Klabu ya Wanawake Wapiga Makasia ya Chuo kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wazazi, walezi na wanachama wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika. Tunajua una majukumu mengi, hivyo historia yetu tutaipitia haraka. Klabu ilianzishwa na wanafunzi wachache chini ya kocha wetu, bingwa wa zamani wa mashindano ya mitumbwi hapa ziwani, anayetufundisha hadi leo bila posho. Mafanikio ni makubwa: wanachama wote sasa wanajua kuogelea, na katika mashindano yaliyopita tulishika nafasi ya nne, tukizidiwa na timu tatu tu.

Kocha wetu hupenda kutusimulia habari za Carie Graves wa Marekani. Mwaka 1976, Olimpiki ilipowafungulia wanawake mlango wa kupiga makasia kwa mara ya kwanza, alipata shaba kule Montreal katika mtumbwi wa watu wanane. Mwaka 1980 nchi yake ikaisusia Olimpiki ya Moscow. Hakukata tamaa, 1984, Los Angeles, akavaa dhahabu. Alifundisha timu za vyuo vya Marekani, Radcliffe, kisha Northeastern, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Texas kikamwita aanzishe timu ya wanawake. Alidumu hapo hadi 2014. Baadaye timu hiyo ikawa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2021, 2022 na 2024. Kule kuna sheria ya tangu 1972 inayovibana vyuo kuwapa wanawake nafasi sawa michezoni. Hatudhani alikabidhiwa ahadi akaambiwa aipigie kasia.

Mheshimiwa, sasa tuseme lililotuleta. Klabu hii haina mtumbwi. Huu unaouona umepambwa kwa maua ni wa kuazima, na mwenyewe yuko pale nyuma anausubiri.

Mitumbwi tunayofanyia mazoezi ni ya wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza wako kazini na taa zao; asubuhi mtumbwi unarudi na magamba hadi kwenye mbao za kukalia, nao wanahitaji kuuosha na kuuziba. Tunaupata mbalamwezi inapowaka, wao wakipumzika. Kwa hiyo ratiba yetu inafuata mwezi, ila waandaaji wa mashindano hawaangalii mwezi. Na mtumbwi wenyewe unavuja: mpiga kasia mmoja huacha kasia na kushika dumu lililokatwa, achote maji hadi tufike.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyetangulia aliahidi mtumbwi mpya "ndani ya mwezi huu", tukapiga makofi. Aliyemfuata aliahidi miwili, tukapiga makofi zaidi, akapigwa picha ameshika kasia. Picha imetundikwa ofisini, na tunaitunza vizuri. Barua za kukumbushia tulizopeleka zilipokelewa na kugongwa mihuri yote inayostahili.

Kwa heshima kubwa, hatukuombi miwili. Tunaomba mmoja, wa mbao nzuri, pamoja na makasia yake. Fundi yupo hapa hapa mwaloni, na makadirio yake tumeyaambatanisha na nakala ya risala uliyokabidhiwa.

Tunaomba pia, kabla hujapanda gari, utuachie jina na namba ya simu ya mtu wa ofisini kwako tutakayemfuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati