Kapteni, usilipe kwanza

Kapteni wangu,

Salamu sana, na unisamehe kwa kukuweka siku tisa bila jibu. Ratiba ya mwezi huu imenikaba. Barua yako nimeirudia mara tatu, ila kile kijitabu cha chuo ulichoambatanisha nimekipitia mara moja tu, kwa kuwa nakijua. Picha zimebadilika na ndege zimekuwa mpya, lakini ahadi ni zile zile zilizonibeba mimi nikiwa na miaka 19.

Kwanza nicheke kidogo. Utotoni Kapteni alikuwa wewe. Mimi nilikuwa yule wa kufunga mlango na kupiga saluti. Leo mpiga saluti ndiye anayeulizwa habari za urubani, na Kapteni ni mhasibu mwenye miaka 27 anayetaka kuweka nyumba ya mama yake dhamana ya mkopo ili akasome shahada ya urubani Marekani. Unaniuliza inalipa au hailipi. Kwa wengine inalipa. Kwako wewe sidhani, na nitakueleza kwa nini, halafu uamue mwenyewe.

Kijitabu kimekufungia vitu viwili kwenye furushi moja, ukadhani ni kimoja. Kuna leseni na kuna shahada. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya kule, FAA, na siku ya mtihani mtahini haulizi kama una shahada. Anataka saa zako za kuruka, alama yako ya mtihani wa kuandika, na kuona kama unaweza kuitua ndege injini ikiwa imepunguzwa hadi mwisho. Kwa leseni ya biashara, ile inayokuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, kanuni zao zinataka saa 250 ukisomea shule ya kawaida, au 190 ukipitia mtaala ulioidhinishwa chini ya ile wanayoiita Sehemu ya 141. Saa hizo utazilipia popote utakapokwenda, moja moja, kama maji ya mita. Chuo hakikupi saa za bure. Ukikisoma kijitabu chako vizuri utaona gharama ya kuruka imeandikwa mbali na ada ya masomo, tena kwa herufi ndogo, na imepigwa kwa kiwango cha chini kabisa cha saa. Karibu hakuna anayemaliza kwa kiwango hicho. Leseni ya kwanza, ile ya binafsi, unaweza kuipata kwa saa 35 kwenye mtaala wa namna hiyo. Mimi nilifika 58, na sikuwa wa mwisho darasani.

Basi shahada inaongeza nini? Inaongeza punguzo. Na hapa inabidi nikurudishe nyuma.

Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, jimbo la New York. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Familia za marehemu zikalibana Bunge, mwaka 2010 ikapitishwa sheria, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria la kule akatakiwa awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida inataka saa 1500. Kabla ya hapo mtu aliweza kukaa kiti cha kulia akiwa na leseni ya biashara tu. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamezipita saa 1500 kwa mbali, na mabishano juu ya kanuni hiyo hayajaisha hadi leo. Hilo tuliache.)

Pamoja na kanuni hiyo wakaweka nafuu. Rubani wa jeshi anaruhusiwa kwa saa 750. Mwenye shahada ya kwanza ya urubani, yenye angalau krediti 60 za masomo ya anga kutoka chuo kilichokubaliwa na FAA, anaruhusiwa kwa saa 1000. Mwenye stashahada ya miaka miwili, 1250. Hapo ndipo biashara yote ilipo, Kapteni. Unaponunua shahada hiyo unanunua saa 500 usizoruka. Wengi huzitafuta saa kwa kufundisha, na mwalimu wa urubani anayepata wanafunzi wa kutosha huziruka hizo 500 kwa miezi minane au tisa.

Kwa kijana Mmarekani miezi hiyo ina thamani kubwa. Kwenye mashirika yao kila kitu hufuata tarehe uliyoajiriwa: ndege utakayorusha, mji utakaokaa, likizo, siku utakayopandishwa kuwa nahodha, na siku mambo yakiharibika, nani anaachishwa kwanza. Ukitangulia miezi minane unatangulia maisha yako yote ya kazi, mpaka miaka 65 ambapo sheria inakushusha. Kijana wa namna hiyo, mwenye mzazi wa kulipa au ruzuku nzuri, simkatazi.

Wewe si kijana huyo. Punguzo hilo linatumika ukiajiriwa kule, na wewe utaingia kwa viza ya mwanafunzi. Nikueleze ilivyonitokea, maana hili sikuwahi kukwambia. Nilimaliza 2021. Viza ya F-1, ya mwanafunzi wa chuo, kwa kawaida inakuruhusu miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako baada ya shahada. Nikaanza kufundisha pale pale chuoni. Nilikuwa na saa 240 na kitu, kwa hiyo nilihitaji kama 63 kila mwezi bila kukosa ili nifike 1000. Majira ya joto nilizipita. Majira ya baridi mawingu yakakaa chini wiki nzima, barafu ikawa juu ya mbawa kila asubuhi, wanafunzi wakarudi makwao kwa sikukuu, ndege mbili zikawa kwa fundi. Mwaka ulipokwisha logibuku yangu, daftari la saa za kuruka, ilisomeka saa 870. Punguzo nililolisomea miaka minne lilikuwa saa 130 mbele yangu, nami nikafunga sanduku.

Na hata ningezifikisha. Mashirika ya kule hutaka mtu mwenye haki ya kudumu ya kufanya kazi nchini mwao. Hilo kijitabu hakina ukurasa wake.

Nyumbani mamlaka yetu ikaitazama leseni, ikanikalisha kwenye mtihani wa sheria za anga, ikanipima afya upya, ikanibadilishia. Kwenye usaili jopo likauliza saa zangu, saa za injini mbili, saa za kuruka kwa kutazama vyombo bila kuona nje, na tukio la hatari niliwahi kulishughulikiaje. Cheti cha shahada nilikuwa nacho kwenye bahasha ya kaki. Hakuna aliyeomba kukiona. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo nchi karibu zote huvifuata, vinataka saa 200 kwa leseni ya biashara, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa, na havitaji shahada popote. Ulaya ni hivyo hivyo: watu hupita mitihani 13 ya nadharia na kuingia kiti cha kulia wakiwa na saa mia mbili na kidogo.

Nina rubani msaidizi mwenzangu aliyesomea shule ndogo yenye ndege sita na choo kimoja. Anajua kazi kunizidi. Mshahara wetu ni mmoja. Tofauti ni kwamba theluthi ya wangu huenda kwenye mkopo kila mwezi, na bado sijaumaliza.

Nisiwe mchoyo wa haki lakini. Chuo kilinipa vitu. Kulikuwa na profesa wa hali ya hewa, mzee mkavu, aliyetufundisha kusoma wingu la radi kama vile unavyosoma uso wa mtu anayetaka kukukopa. Mpaka leo nikiona juu ya wingu pametandazika kama fuawe la mhunzi, namsikia yeye. Ile viza ya F-1 pia ilitokana na shahada; shule nyingi za urubani pekee hutoa ya M-1, ya mafunzo ya ufundi, ambayo mafunzo yake ya kazini ni mwezi mmoja kwa kila miezi minne uliyosoma, na hayazidi sita. Kwa hiyo ukienda shule fupi, usitegemee kubaki kufundisha. Ukokotoe safari yako kama mtu atakayerudi na saa zake 250 na kuanza kutafuta.

Unasema pia kwamba shahada ni bima, na kwamba mashirika makubwa huitaka. La pili limepungua nguvu: Delta, shirika kubwa la Marekani, iliacha kuidai mwanzoni mwa 2022. La kwanza ndilo linanisumbua zaidi. Nilikuwa mwaka wa tatu mwaka 2020 ndege zilipoegeshwa mistari kwa mistari, na nikawaona wakubwa wetu waliokwisha kuajiriwa wakirudi kuomba kazi yoyote. Shahada yao ilikuwa ya urubani. Ilikufa siku ile ile kazi ilipokufa. Bima ya nyumba huiweki ndani ya nyumba hiyo hiyo. Aliyeponea alikuwa mwenzetu aliyebadilisha fani mwaka wa pili akahamia matengenezo ya ndege, maana hata ndege iliyoegeshwa inahitaji fundi. Wewe bima unayo tayari, Kapteni. Uhasibu wako hautegemei macho yako wala bei ya mafuta ya ndege. Kwa nini ulipe miaka minne kununua bima mbovu kuliko uliyonayo?

Na miaka hiyo yenyewe. Ukianza sasa utamaliza ukiwa na 31. Sehemu kubwa ya muda wako utakuwa unasoma historia na uandishi wa insha, vitu vizuri, lakini unavilipia kwa bei ya urubani. Halafu kuna kusubiri. Nilikuwa na mihula miwili ambayo kozi ya kuruka haikuisha kwa wakati, ikabidi niilipie tena. Sababu moja ilikuwa foleni. Wanafunzi wengi, ndege chache, wote mmepangiwa asubuhi hiyo hiyo. Siku moja nilikaa dakika 35 kwenye barabara ya kuelekea njia ya kurukia, wa nane kwenye mstari, injini ya Cessna 172 inanguruma, na mita inahesabu, kwa sababu mita haijui kama uko angani au umesimama unatazama mkia wa mwenzako. Nilipiga hesabu pale pale nikatamani kuzima injini nishuke nisukume.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kazi nisingeacha bado. Nyumba ya mama nisingeigusa kabisa. Mkopo wenye dhamana ya aina hiyo unaanza kudai kabla hujapata hata usaili wa kwanza. Ningeweka akiba mpaka itoshe leseni ya binafsi peke yake, nikaisomea shule ya kawaida iliyo karibu, asubuhi za mwisho wa wiki. Usilipe ada yote kwa mkupuo hata wakikupa punguzo, maana shule za urubani hufilisika kama maduka mengine na pesa haitoki tena. Lipa kwa saa. Kabla ya yote zungumza na marubani wa mashirika ya nyumbani unayoyatamani, uwaulize wanaajiri watu wa saa ngapi na leseni gani. Jibu hilo ndilo lipange shule, si kijitabu. Ukifika hatua ya leseni ya biashara ndipo uamue kama unakwenda nje kuzitafuta saa, kwa miezi, si kwa miaka.

Tena kuna jambo lililo mbele ya hayo yote, na nimelichelewesha kwa sababu sipendi kulitaja. Nenda kapimwe afya. Usipime ile ya chini ya mwanafunzi. Omba daraja la kwanza, ile ya rubani wa shirika, kwa daktari aliyeidhinishwa wa anga. Nimeona mwenzangu aliyelipa mwaka mzima akaja kugundua moyo wake una tatizo, na pesa haikurudi. Kwako wewe wasiwasi wangu uko kwenye macho.

Unaikumbuka ile jezi? Ulinibishia siku nzima kwamba ni ya kahawia. Watu wote uwanjani waliiona kijani. Tulikucheka mpaka jioni, na hakuna aliyewaza zaidi ya kucheka. Ndege usiku ina taa nyekundu kwenye bawa la kushoto na ya kijani kwenye la kulia, na hivyo ndivyo unavyojua kama inakuja kwako au inakuacha. Redio ikifa, mnara hukumulikia taa: kijani isiyowaka-waka utue, nyekundu upishe wenzako. Huenda daktari akakufungulia kitabu chenye miduara ya nukta za rangi na kukuuliza unaona namba gani. Usikariri namba mtandaoni, nakufahamu. Ukikwama hapo zipo njia nyingine za kupimwa, na wapo waliofaulu kwa njia hizo, ila ni heri ulijue sasa kuliko kulijua ukiwa umekwisha kuisaini karatasi ya nyumba.

Bei ya kipimo ni ndogo sana ukiilinganisha na mkopo huo. Weka miadi wiki hii, na ukitoka tu kwa daktari nipigie. Jumatano na Alhamisi sina safari, simu itakuwa wazi kutwa.

Msalimie sana mama. Usimweleze bado habari za hati ya nyumba.

Mpiga saluti wako.