Elfu kumi na tano ya "kubonyeza tu"

Wiki iliyopita mama mmoja wa Uru aliondoka hapa dukani kwetu Mbuyuni, Moshi, tunapotengeneza simu na kutoa hela kama mawakala, kakunja uso kwa bei ya kumwokolea simu iliyoingiliwa na matapeli. Kesho yake nikatumiwa picha ya status yake: "Mafundi wa Mbuyuni wezi kuliko matapeli. Elfu kumi na tano kubonyeza tu!" Sikumjibu. Ni mteja wetu tangu enzi za simu za vitufe, na alikuwa ameshapoteza laki mbili na arobaini. Mtu akiibiwa na asiyemwona, hasira humwangukia aliye karibu. Ila maneno hayo nayasikia kila wiki, kwa hiyo leo naieleza hiyo kubonyeza.

Kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ilitumwa "kadi ya mwaliko". Kadi tulizozoea huja kama picha au PDF. Hii jina lake liliishia na herufi tatu, apk, maana yake si kadi, ni programu. Mama akaigusa, simu ikamwuliza kama anaruhusu, akaruhusu. Kadi haikufunguka, akaendelea na kazi zake. Kumbe ameipa ruhusa ya kusoma meseji zake zote, pamoja na zile namba ambazo benki hukutumia uthibitishe muamala. Usiku mtu mwingine akawa anazisoma kabla yake.

Hapo angeizima na kuileta, kazi ingekuwa ndogo. Akampa kijana wa jirani, fundi wa bure. Kijana akaifuta simu yote, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Programu mbaya iliondoka kweli, lakini zikaondoka pia picha za msiba wa baba yake, na meseji za miamala ambazo polisi wangezitaka. Simu ilipowaka ikadai akaunti ya Google ya mwanzo, iliyofunguliwa na mwanawe wa Dodoma mwaka 2019, nywila hakuna anayeikumbuka. Na muda wote huo tapeli bado ana nywila ya benki na WhatsApp ya mama, anawaomba wanakikundi mchango. Kuifuta simu hakumfukuzi mtu ambaye ameshatoka na funguo.

Tulimpigia yule mwana, maana namba ya kurejesha akaunti ilikuwa inaingia kwenye laini yake. Akagoma kuisoma mpaka amsikie mama yake mwenyewe. Kijana safi, nilimpenda. Kisha tukaingiza WhatsApp upya kwa namba ya mama. Ukiandika tarakimu sita zinazokuja kwa meseji, aliyeiteka anatupwa nje papo hapo. Bahati yake tapeli hakuwa ameweka PIN ya hatua mbili, ile namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, maana usipoijua husubiri siku 7. Tukamwekea yeye hiyo PIN, tukakagua vifaa vilivyounganishwa, tukabadilisha namba za siri kwa kutumia simu nyingine safi, tukampeleka benki wafunge huduma ya simu. Kazi ya saa mbili na nusu. Bei ilibaki ile ile ya elfu kumi na tano, ingawa ilibidi turekebishe na alichoharibu kijana.

Siandiki haya kwa kujiona mjanja. Mwaka 2016, nikiwa wakala mchanga, nilipigiwa na mtu mwenye sauti ya kiofisi akidai anatoka kwenye kampuni ya mtandao wa simu, anataka "kuboresha float", yaani hela ya kazi ya wakala iliyo kwenye laini. Jina langu alilijua, na salio langu alilikaribia. Nikafuata anachosema, bonyeza moja, bonyeza nne, weka namba ya siri. Laki tatu na themanini zikaondoka mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri kutoa elfu kumi. Mke wangu hadi leo akinikuta naongea na simu kwa adabu sana huuliza, "Ni wale?"

Vifaa tu ndivyo vinavyobadilika. Kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, hela ya nyumbani ilipanda basi na kondakta, na mwizi ilibidi awepo stendi. Zikaja meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", zikitumwa kwa maelfu zikimtafuta mmoja tu ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Laini zikasajiliwa kwa alama za vidole, zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, tukasema sasa wamekwisha. Wakahamia kwenye vidole vyetu: msajili wa laini wa chini ya mwavuli anakwambia "haijasoma, weka tena", na kidole cha pili kinasajili laini usiyoijua. Piga *106# uone laini ngapi zina jina lako. Mzee mmoja wa Kibosho alizikuta tatu, na anamiliki moja. Sasa kuna kompyuta zinazoiga sauti ya mtoto wako kutokana na rekodi fupi tu. Kwa hiyo sauti nayo si kitambulisho tena. Kata, mpigie wewe kwa namba uliyonayo.

Lawama nyingine ni ya kaunta. "Mangi, unanichelewesha!" Mtu anakuja na meseji ya "umepokea", anataka tumpe hela kwa kuitazama. Meseji huandikwa na yeyote. Sisi tunaangalia salio letu kwenye menyu, mtandao ukiwa mzito tunasubiri, na kitambulisho tutakuomba hata kama nilisoma na kaka yako. Desemba, watu wakipanda nyumbani na foleni ikifika barabarani, ndipo huwa tunachukiwa zaidi, na ndipo matapeli wanavuna. Anayekuambia "nimekosea kutuma, nirudishie haraka, mtoto yuko hospitali" usimrudishie mwenyewe. Angalia salio kwanza, halafu mwambie apige 100, mtandao wake ushughulike. Wengi hukata simu hapo hapo. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, usiufute kwa hasira.

Na jamani, usitupe namba ya siri ya hela. Wateja hutuandikia kwenye karatasi, wakaibandika nyuma ya simu kwa selotepu, eti fundi asisumbuke. Simhitaji mtu wa namna hiyo anilaumu baadaye. Toa laini zako kabla ya kuniachia simu, ondoka nazo. Fundi anayeng'ang'ania ubaki nazo, mkimbie.

Kuna anayefanya kazi hii kwa elfu tatu, najua, yuko karibu na stendi. Huifuta simu na kukurudishia baada ya dakika kumi. Nimeshapokea simu zake nne mwezi huu.

Ukihisi simu yako imeingiliwa, weka hali ya ndege, toa laini, usifute kitu, tumia simu ya mwingine kupiga benki na 100, kisha uje. Tunafungua saa mbili asubuhi, Jumapili baada ya ibada. Kutazama na kukwambia ilipofikia ni bure.

Mama wa Uru, chaja yako uliisahau kaunta siku ile. Ipo.