Watoto wanaoumwa tumbo wasipigwe danadana

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu kuhusu kliniki za pamoja za watoto wenye maumivu sugu ya tumbo, ambako wataalamu mbalimbali humwona mtoto kwa wakati mmoja, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi aliziita anasa. Mimi nimeuguza mtoto wa namna hiyo.

Binti yangu alianza kuumwa akiwa na miaka 9. Katika miezi 14 tulipita kwa madaktari watano, kila mmoja na chumba chake na siku yake, na kila mmoja alianza upya kana kwamba faili niliyoipakata ilikuwa tupu: damu ikatolewa tena, choo kikapimwa tena, ultrasaundi ikarudiwa, dawa za minyoo akazimeza mara tatu bila mnyoo hata mmoja kuonekana. Mtaalamu wa lishe alimkataza maziwa. Wiki iliyofuata daktari akanigombeza kwa kumnyima maziwa. Wa mwisho aliifunga faili na kutamka, mtoto akisikia, "Huyu hana kitu." Binti yangu, ambaye muda wote alikuwa amejiminya kitovuni kwa vidole viwili, tulipofika mlangoni aliniuliza kama na mimi naamini kwamba anadanganya.

Hakuwa akidanganya. Mwaka 1958 Dkt. John Apley na mwenzake, waliochunguza wanafunzi 1,000 nchini Uingereza, walionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kumi huumwa tumbo mara kwa mara, na wengi wao hawapatikani na ugonjwa wowote kwenye vipimo. Maumivu yenyewe ni ya kweli, kwa kuwa neva za utumbo huwa zimezidi wepesi wa kuhisi, na hofu huzichochea. Mtoto akikonda, akitoa damu chooni au akiamshwa usiku na maumivu, apimwe zaidi. Asipokuwa na dalili za hatari, kumrudishia vipimo vilevile ni kumzidishia hofu.

Shuleni nako aliandikwa mtoro kwa siku alizolala amejikunja, kwa sababu hakuna daktari aliyejiona ana wajibu wa kumwandikia mwalimu.

Napendekeza kila hospitali ya watoto itenge asubuhi moja kwa wiki na chumba chenye meza moja na viti sita: cha daktari, cha mwanasaikolojia, cha mtaalamu wa lishe, cha muuguzi, cha mzazi na cha mtoto. Faili ikae katikati ya meza, na asiondoke mtu kabla hawajakubaliana mtoto ataambiwa nini, na ni nani kati yao atakayeiandikia shule.

Mama wa mgonjwa