Petunia iliyokataa zambarau

Rafiki yangu Salma,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka pale uliposema kuongeza jeni ni kama kuongeza kuni, moto lazima ukolee. Hata Carolyn Napoli, Christine Lemieux na Richard Jorgensen walidhani hivyo. Waliipa petunia ya zambarau nakala ya ziada ya jeni ya rangi, wakitegemea ua lililoiva zaidi. Matokeo waliyochapisha 1990 ni kwamba asilimia 42 ya mimea iliyopokea jeni hiyo ilitoa maua meupe pe au yenye mabaka. Jeni ngeni ilinyamaza, na ya asili ikanyamaza nayo.

Nani aliyezinyamazisha? Ni vipande vifupi vya RNA, yule ndugu wa DNA anayebeba ujumbe wa jeni. Jibu hilo lilichelewa, na sababu mojawapo inanifurahisha mno. RNA huchambuliwa kwa kusukumwa na umeme ndani ya jeli, na vipande vifupi hukimbia kuliko virefu. Hivi vya kunyamazisha vilikuwa vifupi kiasi cha kutokea upande wa pili na kupotea kabla mtu hajatazama. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, kule Norwich, Uingereza, walivitafuta makusudi, wakavikuta: herufi 25 hivi tu, yaani viungo 25 vya mnyororo wa RNA!

Mmea ukikuta RNA ya nyuzi mbili huishuku, maana virusi vingi huzaana kwa njia hiyo. Kimeng'enya cha Dicer huikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24. Protini ya Argonaute huchukua uzi mmoja, kama askari aliyeshika picha ya mtuhumiwa, na ujumbe wowote unaolingana nao hukatwa kabla haujazaa protini. Maskini petunia, ilijiona imevamiwa.

Ila si ulinzi tu. Majani yakipungukiwa fosfati hutengeneza kipande kifupi cha RNA kiitwacho miR399, nacho hushuka kwenye mirija ya sukari mpaka mizizini. Huko hunyamazisha jeni ya PHO2, ambayo kazi yake ni kuzuia mmea usijaze fosfati kupita kiasi. Breki ikiachiwa, mizizi hufyonza. Watafiti walihakikisha kwa kubebesha: shina lenye miR399 tele juu ya mizizi ya kawaida, na fosfati ikarundikana majanini.

Vile vya herufi 24, vinavyokwenda kufunga jeni kwenye DNA yenyewe, nitakueleza ukinijibu. Karatasi imeniishia.

Wako wa siku zote