Kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii mnaokuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo

Wanangu, nawasalimu.

Kabla hamjapanga siku za kutembelea familia za Mwambani, Sahare au Kigombe, tazameni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Saa hizo kina mama wako miambani wakichokoa pweza. Ukimwita mmoja wao ofisini saa nne, ama atapoteza riziki ya siku ile, ama hatafika nawe utaandika "mama hana ushirikiano". Neno hilo litamfuata ndani ya jalada miaka, na kosa ni la ratiba yako. Mwende siku za maji mafu, bahari isipopwa sana.

Kwenye tathmini ulizeni pia maji wanachota wapi, kuni zinatoka wapi, na mikoko ya karibu imebaki au imekatwa. Ikikatwa, kaa na samaki wachanga hukosa makazi. Ugomvi wa fedha mnaousuluhisha chumbani huenda umeanzia huko.

Mtoto aliyenyamaza mbele ya meza, mtoeni nje, kwa ridhaa yake na ya mlezi. (Mlezi akiwa ndiye anayeshukiwa, mwoneni kwanza ofisa anayewasimamia.) Kaeni mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki, upepo wa kusi hubeba sauti mbali, na chini ya mwembe wenye wacheza bao hakuna siri. Msiingie naye mikokoni peke yenu hata kidogo. Na aliyefiwa na baba baharini msimpeleke ufukweni mpaka aombe mwenyewe.

Mpeni maji ya kunywa, kisha kijiti, achore nyumba yao kwenye mchanga mbichi, na makombe ya baharini yawe watu. Msimuulize "kwa nini huyu yuko mbali?" Semeni, "Nieleze huyu," halafu nyamazeni. Dakika 30 zinatosha. Akitaja kudhurika, msichimbe: msikilizeni, msimwahidi kuificha siri hiyo, na siku hiyo hiyo mpeleke taarifa kwa ofisa wenu na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, simu ya kusaidia watoto, ipo pia.

Mchoro msiupige picha. Kabla ya kuondoka, mwacheni aufute kwa mkono wake.